Seva za mzizi ziko Nairobi. Je, mtoa huduma wako anazifikia?

Kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilizorota Afrika Mashariki. Tangu siku hiyo swali ni lile lile: mbona tuliambiwa Nairobi ina seva za mzizi na bado tulikwama?

Seva ya mzizi ni ngazi ya kwanza ya mfumo wa majina ya intaneti; haihifadhi video wala ujumbe wa mtu. Huelekeza tu: anayetafuta jina la .ke aende kwa seva za .ke, wa .com aende kwa za .com. Mtoa huduma huweza kulihifadhi jibu hilo hadi siku mbili, kwa hiyo anayetarajia filamu ishuke haraka kwa sababu yake anasubiri asichoahidiwa na mtu. Wala serikali haizimi intaneti kupitia kwayo. Orodha yake ya majina kama .ke na .com imetiwa saini ya kidijitali tangu 2010. Ikichezewa, seva zinazokagua saini hulikataa jibu.

Faida huonekana kebo zikikatika. Swali hujibiwa humu nchini, na tovuti iliyohifadhiwa hapa huweza kuendelea kupatikana kwa jina lake. Ndiyo maana nakala huongezwa. Majina ya seva hizi ni 13, A hadi M, chini ya mashirika 12, lakini nakala zimepita 1,500 duniani, na zenye jina moja hutumia anwani moja. Mwaka 2022 ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, ilitangaza kuweka Kenya mkusanyiko mzima wa seva za L.

Kinachotusumbua sana ni ruta, vifaa vinavyochagua njia ya data. Mteja wa Ruaka, nje kidogo ya Nairobi, anaweza kuwa kilomita chache kutoka kwenye seva, na swali lake likaenda Ulaya kwa kuwa kampuni yake haijaipokea njia ya karibu. Wahandisi, tafadhali: unganisheni mtandao wenu na kituo cha KIXP, ambako watoa huduma wa Kenya hubadilishana data, fungueni kikao cha BGP (utaratibu wa mitandao kutangaziana njia), kagueni kama vichujio vyenu vinaruhusu 199.7.83.0/24, yaani anwani za seva ya L, na msiitangaze njia hiyo nje bila idhini. Kisha fuatilieni njia hadi 199.7.83.42, na mrudie kwa IPv6, mfumo mpya zaidi wa anwani. Jibu likizidi milisekunde mia moja, yaelekea limetoka mbali.

Wala mtu asizichezee seva hizi: kuvuruga mifumo ya kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018: faini isiyozidi shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili. Kwa mfumo unaolindwa kisheria, faini hufika milioni 25 na kifungo miaka 20.

Kabla ya matengenezo, njia ya seva huondolewa na maswali huhamia nakala nyingine. Hiyo si hitilafu. Subirini muda uliotangazwa uishe ndipo mpige simu.