Tenzi za zamani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwenye kikao cha kwaya yetu, kijana mmoja alisimama akaomba tenzi zipunguzwe kwenye ibada, kwa kuwa ni nyimbo za Wazungu, za msibani, na za wazee. Sikumjibu vizuri siku ile. Namjibu hapa, na nitagusa pia mambo ambayo sisi tunaozipenda tumekuwa tukiyasimulia vibaya, maana kosa haliko upande mmoja.

"Ni nyimbo za Wazungu"

Chukua ule unaoanza "Bwana Mungu nashangaa kabisa". Watu wengi huudhani ni wa Kiingereza. Maneno yake yalianza kama shairi la Carl Boberg wa Uswidi, aliloliandika mwaka 1885 baada ya mvua ya radi kupita na bahari kutulia. Likavaa tuni ya kienyeji ya huko kwao. Likatafsiriwa kwa Kijerumani mwaka 1907, kisha likaingia kwa Kirusi. Mmisionari Mwingereza, Stuart Hine, aliukuta wimbo huo ukiimbwa kwa Kirusi kwenye milima ya Carpathia, na maneno yake ya Kiingereza yakatoka mwaka 1949. Kwa hiyo Mwingereza naye aliupokea kutoka kwa wenzake, kama sisi tulivyoupokea.

Tena mambo hayakwenda upande mmoja tu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, Mlutheri wa Tanzania, aliandika "Mfurahini, Haleluya" kwa tuni ya huku kwetu. Leo Wajerumani huuimba wakati wa Pasaka. Kwenye kitabu chao cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili ni namba 116, na jina la Kyamanywa limeandikwa pale. Kuna na toleo la Kiingereza linaloimbwa hadi Marekani. Ukimwambia bibi wa Kijerumani kwamba huo ni wimbo wa kigeni atakushangaa, kwa sababu amekua nao.

Halafu kuna wimbo ambao kila Mtanzania ameusimamia wima tangu darasa la kwanza. "Mungu ibariki Afrika" haukuzaliwa serikalini. Enoch Sontonga, mwalimu katika shule ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, aliutunga kwa Kixhosa mwaka 1897 kama wimbo wa sala. Timu ya taifa inapojipanga uwanjani, uwanja mzima unaimba utenzi wa kanisani, na wengi hawajui.

Na "Tukutendereza Yesu"? Ulienea na uamsho uliowaka kuanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaimbwa Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi. Nimewasikia wazee wasiojua hata salamu ya Kiganda wakiuimba kwa Kiganda kitupu, mtu na mwenzake wakikumbatiana mlangoni. Hakuna aliyeona haja ya kuutafsiri.

"Tafsiri ni kivuli tu, utamu uko kwenye asili"

Hili huniuma zaidi, kwa sababu wanaolisema ni watu waliosoma.

Horatio Spafford alikuwa wakili wa Chicago. Novemba 1873 meli ya Ville du Havre iligongana na meli nyingine katika Atlantiki ikazama. Mkewe, Anna, aliokolewa; mabinti wao wanne walikufa maji. Baada ya msiba huo Spafford aliandika wimbo ambao kwa Kiingereza unaanza kwa kuifananisha amani na mto. Philip Bliss akautia tuni, ukachapishwa mwaka 1876.

Sasa tazama alichofanya mtafsiri wetu. Mto akauacha, akaandika: "Nionapo amani kama shwari." Shwari ni neno la mabaharia. Ni bahari ilipolala, upepo umekata, maji yametandaa kama mkeka. Wimbo wa baba ambaye bahari ilimlia watoto wanne, kwa Kiswahili unafunguka kwa bahari iliyotulia. Sijui tafsiri gani nyingine imeweza hilo kwa neno moja.

Mfano mwingine mdogo. "Yesu kwetu ni rafiki, hwambiwa haja pia." Watoto wa leo husikia "pia" wakadhani ni "vilevile", na mstari unawapotea. Kwa Kiswahili cha zamani "pia" ni "zote, bila kubakiza". Bado tunasema "sote pia". Maana yake huambiwa haja zote. Nilikuwa mtu mzima nilipolijua hilo, na siku hiyo niliuimba kama mgeni aliyefunguliwa chumba cha ndani. Tenzi zimetuhifadhia Kiswahili ambacho mitaani hakisikiki tena, pamoja na ile "hu" ya mazoea na "u" badala ya "wewe ni", kama katika "Bwana u sehemu yangu".

"Newton alinusurika tufani, akaacha utumwa, akaandika wimbo wa neema"

Hapa wenye kosa ni sisi wapenzi wa tenzi. Hadithi hii husimuliwa mimbarani kana kwamba yote yalitokea ndani ya wiki moja. Dhoruba iliyomfanya John Newton, baharia Mwingereza aliyeandika "Amazing Grace", amlilie Mungu ilikuwa mwaka 1748. Baada ya hapo aliendelea na biashara ya kusafirisha watu; tena alipanda cheo akawa nahodha wa meli za watumwa. Aliacha ubaharia mwaka 1754 kwa sababu ya ugonjwa, si kwa sababu dhamiri ilimshtaki. Akaja kuwa kasisi katika mji mdogo wa Olney, na wimbo wa neema ukatumika kanisani kwake siku ya Mwaka Mpya, 1773. Alikuwa bado hajaipinga hadharani biashara ile. Alikiri kwa maandishi mwaka 1788, miaka 34 baada ya kuacha meli, akatoa ushahidi mchungu wa aliyoyaona na kuyafanya. Alifariki Desemba 1807, mwaka uleule Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku biashara hiyo.

Kwa nini niliharibu hadithi nzuri? Kwa sababu ya kwetu. Miaka 100 baada ya wimbo ule, mwaka 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja, na penye soko pale Mkunazini pakajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Ukiimba neema ya Newton mahali kama pale, huwezi kuiimba kama hadithi ya mtu aliyegeuka mara moja akawa mwema. Aliyeuandika alichelewa sana, na watu walilipia kuchelewa kwake. Mimi wimbo huu nauamini zaidi nikijua hivyo.

Na tuni tunayoijua sote haikuwa ya Newton. Iliunganishwa na maneno yake Marekani mwaka 1835, yeye akiwa ameshazikwa. Ndivyo ilivyo kwa tenzi nyingi. "Yesu kwetu ni rafiki" Joseph Scriven aliuandika mwaka 1855. Tuni yake ikaja mwaka 1868, ya Charles Converse.

"Hata Luther alichukua nyimbo za baa"

Hii hutumika kila panapotokea ubishi wa gitaa na ngoma kanisani. Chanzo chake huenda ni neno. Wanamuziki wa Kijerumani huita "Bar" umbo fulani la wimbo: kipande, kinarudiwa, kisha kinakuja cha tatu tofauti. Nyimbo nyingi za Luther zina umbo hilo, watu wakasikia baa ya pombe. Ni kweli wimbo wake mmoja wa Krismasi ulianza kwa tuni ya mtaani ya vitendawili, lakini mwaka 1539 ukachapishwa na tuni mpya. Mwenye kutaka ngoma ibadani anazo hoja bora kuliko hiyo, na mimi mwenyewe ngoma naipenda.

"Ni za msibani"

Zinasikika msibani kwa sababu msibani ndipo watu wa madhehebu matano hukaa kwenye turubai moja bila vitabu na bila mazoezi. Nyimbo zinazowezekana hapo ni zile ambazo kila mtu anazo kichwani. Haimaanishi zilitungiwa huzuni.

"Ni za wazee, na kumbukumbu zake ni hisia tu"

Bibi yangu, kule Machame, alijifunza nyimbo kwa solfa, do re mi zilizoandikwa kwa chaki. Aliimba sauti ya pili maisha yake yote. Kitabu chake cha tenzi kilikuwa kimevalishwa gamba la gunia la sukari, lililoshonwa kwa uzi mweusi, na kurasa za katikati zilikuwa na alama za mafuta ya taa.

Miaka yake ya mwisho alishikwa na ugonjwa wa kusahau. Wanaowahudumia wagonjwa wa namna hii wanalijua jambo hili vizuri: mtu anaweza kupoteza majina ya wanawe na bado akaimba wimbo wa utotoni kutoka mwanzo hadi mwisho. Muziki uliozoeleka haukai mahali pamoja katika ubongo, na ulioingia ujanani, ukarudiwa maelfu ya mara, huwa miongoni mwa vitu vya mwisho kuondoka. Kwa hiyo anayesema ni hisia tu hajakaa na mgonjwa. Na vijana wanaoziimba leo ndio wanaojiwekea akiba hiyo sasa, wapende wasipende.

Jioni moja nilikaa naye jikoni. Alikuwa ameniuliza mara tatu mimi ni mtoto wa nani. Nikaanza "Nionapo amani", taratibu, sauti ya kwanza. Ubeti wa kwanza alinitazama tu. Tulipofika kwenye kiitikio akaingia na sauti ya pili, safi, bila kuitafuta. "Salama," akaimba, akanyamaza.

Nilidhani amesahau. Kumbe alikuwa anangoja. Pale kwenye kiitikio wanawake hutangulia, wanaume wakajibu, na kwa miaka zaidi ya 40 aliyemjibu alikuwa babu, upande wa besi, safu ya nyuma. Babu alikuwa amefariki zamani.

Mimi ni mwanamke, besi sina. Nikajibu kwa sauti niliyo nayo: salama.

Akatikisa kichwa kukubali, akaimba "rohoni", akangoja tena.