Eti Mahekalu ya Japani ni Feki? Hapana Jamani

Kila ikipita picha ya Kinkaku-ji, lile jumba la dhahabu la Kyoto, hakosi mtu wa kusema hiyo feki, ya ukweli iliungua. Kuungua iliungua kweli, mwaka 1950, mtawa kijana wa hapohapo ndo aliitia moto, na hii tunayoiona leo ilikamilika 1955. Lakini kuiita feki ni kutowaelewa kabisa wenye nayo, na hapa naomba nikae kidogo maana dhana hii inawaharibia watu safari hata tiketi hawajakata.

Chukua Ise, mkoa wa Mie. Kwa watu wa dini ya Shinto hakuna patakatifu kuzidi pale, ndipo anapoabudiwa Amaterasu, mungu wao wa jua. Ukisikia historia yake imepita miaka 1,300 unatarajia kukuta mbao nyeusi zimechakaa, wapi, unakuta mbao za mti wa hinoki kama zimepigwa randa juzi. Ni kwamba kila baada ya miaka 20 wanajenga jumba jipya kwenye kiwanja cha pembeni, kwa vipimo vilevile, halafu lile la mwanzo linabomolewa. Walianza mwaka 690, vita vya karne ya 15 na 16 vikawakatisha kwa zaidi ya miaka mia, wakarudia, mara ya 62 ilikuwa 2013 na inayofuata ni 2033. Tena nguzo kuu hazitupwi, zinachongwa upya zinakuwa torii, yani yale malango, pale kwenye Daraja la Uji. Kijana aliyekuwa anabeba mbao safari hii, safari ijayo ni fundi anayefundisha wengine, kwa hiyo wanachokitunza ni ule ujuzi wa mikono, mbao zinakuja na kuondoka. Mimi hilo linanigusa kuliko gofu lolote. Ila ujue mapema, ndani huingii, unaishia kwenye uzio na pale mbele picha hairuhusiwi.

Usije sasa ukasema basi Japani kila kitu kipya. Horyu-ji, hekalu la Kibuddha kule Nara, ina majengo ya mbao ambayo ni kati ya makongwe zaidi duniani yaliyosimama hadi leo. Ngome ya Himeji nayo ni ileile ya 1609, wakati ya Osaka mnara wake ni wa zege, ulijengwa 1931 na ndani kuna lifti. Kama una siku moja tu ya ngome nenda Himeji.

Msitu wa Meiji Jingu, patakatifu pa Shinto pale Tokyo, wengi wanadhani ni msitu wa asili uliosalimika katikati ya jiji. Kumbe ulipandwa kwa mikono, miti kama 100,000 iliyotolewa na watu wa kila pembe ya nchi, na mahali penyewe pakafunguliwa 1920. Na Mfalme Meiji, ambaye pamejengwa kwa heshima yake, hakuzikwa hapo, kaburi lake liko Kyoto.

Halafu hili neno hekalu tunalitumia kwa kila kitu. Ukiona torii, kwa kawaida hapo ni pa Shinto: unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unainama tena. Kwenye hekalu la Kibuddha hupigi makofi, unakutanisha viganja kimyakimya. Fushimi Inari, patakatifu pa Shinto kule Kyoto, watu wanasema wanaabudu mbweha, sio hivyo, mbweha ni mjumbe tu wa Inari, mungu wa mpunga na biashara, na yale maelfu ya torii mekundu yametolewa na watu na makampuni, zunguka nyuma ya nguzo utaona majina yao na tarehe.

Mlima Fuji nao, mita 3,776, UNESCO waliuweka kwenye orodha 2013 kama urithi wa utamaduni, sio wa maumbile, kwa sababu ya imani na sanaa iliyouzunguka. Wanaosema umezimika wamekosea, ni volkano hai, mara ya mwisho ulilipuka 1707. Na mtu akikwambia uende Julai au Agosti ndo utauona vizuri, muulize anataka kupanda au kuutazama, maana hiyo ni miezi ya kupanda na mara nyingi mawingu yanauficha siku nzima. Wa kuutazama tu aende baridi, Desemba au Januari, aamke alfajiri.