Kuku Aliyenyamaza Huenda Ameelemewa: Dhana Potofu Kuhusu Msongo wa Kuku wa Nyumbani

Mwewe, kicheche na mbwa humwandama kuku dhaifu kwanza. Kwa hiyo kuku huficha maumivu hadi ashindwe kabisa, nasi tunaofuga wachache nyuma ya nyumba hapa Uganda, kuanzia Arua hadi Kasese, tukiona kimya tunasema ametulia. Dhana nyingi zinaanzia hapo.

"Ukimning'iniza kichwa chini, anatulia."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana iko kila barabara. Siku za soko, na zaidi karibu na Krismasi na Idi, utawaona wamefungwa miguu, wananing'inia kwenye usukani wa bodaboda, kimya kabisa. Wameelemewa. Kuku hana kiwambo cha msuli kama chetu kinachotenganisha kifua na tumbo, hivyo ukimgeuza, matumbo yake huvikandamiza vifuko vya hewa na kila pumzi inakuwa kazi. Kuku wanaobebwa hivyo wamepimwa damu, na homoni za msongo zikaonekana zimepanda. Mwangalie anapofunguliwa: mdomo wazi, mabawa yamelegea, miguu haimbebi. Mbebe kwapani, kichwa juu, ukiyashika mabawa yasipigepige. Wakiwa wengi watie kwenye tenga linalopitisha hewa, na uwasafirishe asubuhi kabla jua halijawa kali. Nauli ya tenga ni kubwa zaidi, najua, lakini kuku aliyefia njiani hanunuliwi tena.

"Wa kienyeji hapati msongo."

Ni kweli huvumilia mengi kuliko broila. Lakini huvumilia kwa kuwa anajitafutia mwenyewe kivuli chini ya mwembe, na wadudu wa kula. Mfungie kwenye banda la mabati huko Gulu mwezi wa Februari uone uhodari huo utafika wapi. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi, na hana tezi za jasho. Hewa ikipita nyuzi 30 huanza kuhema mdomo wazi na kuyaachanisha mabawa na mwili. Wengi hudhani ni kiu tu. Maji ya baridi yanasaidia sana, ila bila kivuli, upepo na nafasi hayatoshi. Akihema siku baada ya siku, hata ganda la yai hupungua unene, kwa sababu kuhema humpotezea kabonidioksaidi, ambayo mwili unaihitaji kutengeneza ganda.

Kuku anayehema alfajiri, kukiwa na baridi, ni habari nyingine. Huyo huenda ana ugonjwa wa njia ya hewa.

"Wanadonoana kwa ukorofi, wakatwe midomo."

Kila kundi lina mbabe na mnyonge, na akiingia mgeni vyeo hupangwa upya kwa siku kadhaa. Hilo ni la kawaida. La kutisha ni kuku mmoja mwenye kipara mgongoni, anayejibanza pembeni hata chakula kinapomwagwa. Kukata mdomo kunamuumiza, kwani una neva, na sababu inabaki palepale: msongamano, utitiri, chombo kimoja cha chakula, au pumba tupu za mahindi zisizo na protini ya kutosha. Changanya mukene (dagaa) uliosagwa au mashudu ya alizeti. Weka vyombo viwili mbalimbali ili mnyonge ale bila kupita mbele ya mbabe. Aliyetoka damu mtenge siku hiyohiyo, maana wenzake wakishaiona damu hawaachi.

"Anagaagaa vumbini, ana kifafa."

Anaoga. Aliyeacha kuoga vumbi ndiye wa kumchunguza.

"Ameacha kutaga, mpe antibiotiki."

Miongozo ya nchi za mbali husema kuku huacha kutaga siku zinapofupika. Kwetu, ikweta ikipita Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, urefu wa mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo tafuta sababu kwingine. Je, anataka kuatamia? Ananyonyoka manyoya ya zamani? Panya wanamsumbua usiku? Chakula kimebadilishwa ghafla? Kukosa maji kwa siku moja tu kunaweza kupunguza mayai kwa siku nyingi zinazofuata. Antibiotiki haitibu hata kimoja kati ya hivyo, na mabaki yake huingia kwenye mayai ambayo watoto wako watayala.

Ila ukiona kinyesi cha kijani, shingo iliyopinda na vifo vinavyofuatana, usiite msongo. Hizo ni dalili za kideri, ugonjwa usio na tiba ila una chanjo. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, wafungie waliobaki, na usimpeleke hata mmoja sokoni.