Tarehe 25 Haiibiwi: Dhana Potofu Kuhusu Hadithi za Kuokoa Krismasi

"Msomaji anajua tangu mwanzo kwamba Krismasi itaokolewa, kwa hiyo hatari lazima iwe kubwa zaidi." Waandishi wanaoleta miswada ya sikukuu za majira ya baridi husema hivyo kana kwamba wamekariri darasa moja. Miswada yenyewe nayo hufanana: Ncha ya Kaskazini, makao ya Baba Krismasi, inalipuka, zawadi za watoto wote duniani zinatoweka, anga linapasuka, na msomaji anapiga miayo. Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo ni kweli tupu. Nusu ya pili ndiyo inayoua hadithi.

Tuanze na kalenda. Tarehe 25 Desemba haiibiwi wala haifutwi. Itafika tu, hata shujaa akilala. Dr. Seuss, mwandishi wa vitabu vya watoto, aliijengea hadithi nzima hoja hiyo mwaka 1957: Grinch, kiumbe anayeichukia Krismasi, anabeba zawadi, mapambo na chakula cha kijiji kizima, na asubuhi wanakijiji wanashikana mikono na kuimba kama kawaida. Kazi ya wizi aliifanya vizuri. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kilichomo guniani ndicho sikukuu. Kwa hiyo mwandishi anayeandika "Krismasi iko hatarini" bado hajaandika hatari yoyote. Ameandika tarehe.

Ukubwa unaharibu kwa njia tatu. Kwanza, watoto bilioni hawana uso. Msomaji hawezi kuwahurumia wote kwa mpigo, basi hamhurumii yeyote. Pili, hatari ya dunia nzima hudai nguvu ya dunia nzima, na shujaa wa miaka kumi hana nguvu hiyo. Ndipo fimbo ya ajabu inapochomolewa sura ya mwisho. Tatu, na hili ndilo lisiloeleweka hata likirudiwa mara mia: kadiri unavyoikuza hatari ndivyo unavyopunguza uwezekano wake. Hakuna atakayechapa kitabu cha watoto ambamo watoto wote wa dunia wanaamka mikono mitupu, na msomaji analijua hilo vizuri kuliko wewe. Lakini bibi mmoja anaweza kweli kukosa kufika. Fidla ya marehemu baba inaweza kweli kuungua. Hasara ndogo inaweza kutokea ukurasa wa mwisho, na kwa sababu inaweza kutokea, inatisha.

Dawa ni sentensi moja, iandikwe kabla ya sura ya kwanza: "Ikifika saa fulani, mtu fulani hatapata kitu fulani, kwa sababu fulani." Mtu awe na jina. Kitu kiwe cha kushikika, kusikika au kuhesabika. Ukijikuta umeandika "furaha" au "roho ya Krismasi", futa uanze upya. Saa iwe saa, si "kabla hatujachelewa". Mfano: Ikifika saa sita usiku, Ilse hatamsikia kaka yake akiimba kwenye ibada, kwa sababu ziwa limeganda na kivuko kimenasa ng'ambo.

Kisha jiulize kitu kinachorukwa karibu katika kila mswada: shujaa akishindwa, tarehe 26 kuna nini? Jibu likiwa "watajaribu tena mwaka ujao", huna hadithi, una usumbufu. Kaka wa Ilse anahamia bara jingine asubuhi ya tarehe 26. Sasa ipo.

Baada ya hapo gawanya nafasi. Kwa hadithi ya maneno 6,000, hatari ijulikane ndani ya maneno 600 ya mwanzo. Jaribio la kwanza lishindwe kwa kosa la shujaa mwenyewe, si kwa bahati mbaya. Jaribio la pili lifanikiwe nusu. Karibu na neno la 4,500 shujaa alipe kitu ambacho hakitarudi, na nasema hakitarudi: ukimrudishia kila alichopoteza kwenye karamu ya mwisho, umemwambia msomaji kwamba hofu yake ilikuwa ya bure.

Makosa huingia wapi? Mara nyingi katikati. Mwandishi ameanza vizuri na kivuko kimoja, halafu woga unamwingia, hadithi inaonekana ndogo, naye anamleta mfalme wa barafu anayetaka kugandisha sayari. Kuanzia hapo Ilse hana kazi. Woga huo ukija, ongeza ugumu wa kitu kilekile. Usiongeze kitu kipya.

Hapa ndipo dhana ya pili inapoanguka yenyewe, ile ya kwamba theluji ni pambo. Barafu safi na ngumu ya ziwa inahitaji unene wa takriban sentimita 10 ili imbebe mtu anayetembea. Theluji ikiifunika, hufanya kazi kama blanketi: inazuia baridi ya hewa isiishukie barafu, na barafu inanenepa polepole. Maana yake ni kwamba theluji nzuri iliyoanguka juzi, ile ambayo mwandishi aliiweka ili picha ipendeze, ndiyo inayofanya njia ya Ilse iwe ya hatari kuliko inavyoonekana, na ndiyo inayoficha nyufa. Theluji mpya pia humeza sauti. Mtu akiita kutoka mbali hasikiki vizuri. Matukio mawili hayo umeyapata bila kumwita mfalme wa barafu.

Dhana nyingine, kwa ufupi.

Kwamba mpinzani lazima aichukie sikukuu. Chuki hukauka upesi. Anayechukia anaeleza sababu mara moja, kisha hana la kusema hadi mwisho. Jack Skellington katika The Nightmare Before Christmas, filamu ya mwaka 1993, anaipenda Krismasi kiasi cha kutaka kuiendesha mwenyewe, na anaivuruga kwa mapenzi hayo. Mpinzani wa namna hiyo ana hoja katika kila tukio. Ukiwa na mswada wenye mzee mchungu asiyependa nyimbo, jaribu kumgeuza awe ndiye anayezipenda kuliko wote na hataki mtu mwingine aziimbe.

Kwamba uchawi unaruhusiwa kumaliza kila kitu kwa kuwa ni Krismasi. La hasha. Robert L. May alipoandika habari za Rudolph, kulungu ambaye pua yake inayong'aa inamwongoza Baba Krismasi kwenye ukungu, mwaka 1939, kwa ajili ya maduka ya Montgomery Ward ya Chicago, alianza na pua inayochekwa. Ukungu ulifuata baadaye. Mpangilio ni kasoro, kejeli, ukungu, matumizi. Anza na ukungu halafu "bahati nzuri" apatikane kulungu mwenye pua inayong'aa, na pua ileile inageuka kiraka. Chombo cha wokovu kionekane walau mara mbili kabla ya kuhitajika, na mara moja kati ya hizo kiwe kero.

Kwamba hadithi hizi ni uvumbuzi wa sinema za miaka ya karibuni. L. Frank Baum alichapisha "A Kidnapped Santa Claus" mwaka 1904: mapepo yanamteka Baba Krismasi, na wasaidizi wake wanagawa zawadi usiku huo wakichanganya baadhi. Soma jinsi makosa yao madogo ya ugawaji yanavyopendeza kuliko utekaji wenyewe.

Kwamba saa inayohesabu kurudi nyuma inafaa sikukuu yoyote. Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya kuwasha mishumaa, ina usiku nane, na mishumaa 44 ukiihesabu na ile ya kuwashia, shamashi. Hiyo ni ngazi, haiendi kama saa. Eric Kimmel aliitumia hivyo katika Hershel and the Hanukkah Goblins ya mwaka 1989, ambamo mazimwi yanakabiliwa usiku baada ya usiku. Kila kidato kinadai hila mpya. Mwandishi anayeleta hila moja na kuirudia ameishiwa kufikia usiku wa tatu. Na wanaotaka shujaa aufukuze usiku kuelekea magharibi kuzunguka dunia wahesabu vizuri: tarehe moja huishi duniani saa 50, kuanzia Visiwa vya Line vya Kiribati, vilivyo saa 14 mbele ya saa ya dunia (UTC), hadi ukanda ulio saa 12 nyuma yake. Ni muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani, na ndiyo maana mbio hizo mara nyingi hazimbani msomaji pumzi.

La pembe za kulungu wa nchi za baridi nalitaja kwa sababu linaudhi. Madume waliokomaa kwa kawaida huangusha pembe zao mwanzoni mwa majira ya baridi. Majike hubaki nazo hadi kuelekea majira ya kuchipua. "Dume hodari mwenye pembe pana" anayevuta sleji, gari la theluji la Baba Krismasi, usiku wa tarehe 24, kwa uwezekano mkubwa, ni jike. Mpe jina linalofaa.

Mwisho, ile imani kwamba lazima pawe na karamu, kijiji kizima, hotuba ya shukrani na theluji ikianza kuanguka tena. Sentensi yako ya mwanzo ilishataja saa ya kumalizia. Ilse alikuwa na hadi saa sita usiku. Amefika amelowa hadi magotini, amepoteza kile alichokipoteza barafuni, mlango wa kanisa uko wazi kidogo, na kaka yake ameshaanza ubeti wa pili. Hadithi inaisha saa sita na dakika tano.