Ugonjwa Sugu wa Kongosho: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya mfuko wa tumbo, kinachotengeneza vimeng'enya, yaani kemikali za kusaga chakula, pamoja na homoni zinazodhibiti sukari mwilini.

Dhana: Mwenye kongosho bovu ni mlevi.
Dhana hii ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu humfanya mgonjwa afiche maumivu yake na nduguze waone kwamba amejitakia. Ni kweli kwamba pombe ni chanzo kikubwa, na kwamba sigara huuharakisha ugonjwa hata kwa asiyekunywa. Lakini wapo waliorithi hitilafu ya jeni, ya kwanza ikiwa imetambuliwa mwaka 1996, ambao huanza kuugua wangali watoto, na wapo ambao chanzo chao hakipatikani kabisa. Kuacha pombe na sigara kunawafaa wote, kwani makovu yaliyokwisha kujengeka kwenye kongosho hayafutiki, ila kasi ya kuongezeka kwake huweza kupungua.

Dhana: Damu ikipimwa ikawa sawa, maumivu ni ya kujifanya.
Sivyo. Kongosho lililochakaa huweza kukosa hata vimeng'enya vya kuvujia kwenye damu, ambavyo ndivyo hupimwa, hivyo majibu yakawa ya kawaida huku mgonjwa akijikunja kwa maumivu ya chembe cha moyo yanayopenya hadi mgongoni. Si ajabu akatibiwa vidonda vya tumbo kwanza.

Dhana: Asiguse mafuta.
Ushauri huu wa zamani huwakondesha watu waliokwisha kukonda. Mafuta hayasagiki kwa kuwa vimeng'enya vimepungua mno, na dalili yake ni choo kingi chenye mafuta, kinachonuka vibaya na kisichosafishika kwa urahisi. Tiba yake ni vidonge vya vimeng'enya, mara nyingi vyenye uniti 40,000 hadi 50,000 za lipasi, kimeng'enya cha kusaga mafuta, kwa mlo mkuu, navyo humezwa pamoja na chakula, si baada ya vyombo kuondolewa. Kwa kawaida hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe, jambo ambalo mgonjwa Mwislamu anastahili kuambiwa mapema, ili azungumze na daktari na hata shehe wake, badala ya kuligundua mwenyewe na kuviacha kimyakimya. Pia vitamini A, D, E na K zipimwe, kwa sababu hufyonzwa pamoja na mafuta, na mifupa huweza kudhoofika.

Dhana: Kisukari chake ni kama cha mtu mwingine yeyote.
Kongosho likiharibika hupungua insulini, na pia glukagoni, homoni inayopandisha sukari inaposhuka. Kwa hiyo sukari ya anayejidunga insulini huweza kushuka mno; asicheleweshewe chakula, na anayemuuguza aweke sukari au juisi karibu, hasa usiku.