Kuchachusha taka kupata kemikali: yanayosemwa na ukweli wake

“Ni teknolojia ya juzi.”
Sivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mkemia Chaim Weizmann aliwatumia bakteria wa Clostridium acetobutylicum kugeuza wanga wa nafaka kuwa asetoni, ambayo Uingereza iliihitaji kutengenezea baruti. Nafaka zilipoadimika mwaka 1917, watoto wa shule waliombwa kuokota mbegu za miti zisizoliwa na watu ili zichachushwe badala yake.

“Kuchachusha ni kuozesha tu.”
Taka zikiachwa bila hewa mpaka mwisho, kinachotoka ni gesi ya methani. Lakini kabla ya gesi hutangulia asidi, kama vile ya asetiki na ya butiriki, na hizo ndizo zenye thamani kubwa kuliko gesi. Kazi ya mtaalamu ni kuikatiza safari hiyo katikati: anapunguza muda wa taka kukaa tangini na kuacha uchachu upande, hadi vijidudu vya methani vishindwe kustawi. Kwangu mimi huu ndio ufundi wenyewe, na hauna uhusiano na kutelekeza uchafu.

“Kilichotoka kwenye taka ni kichafu.”
Molekuli haina kumbukumbu. Asidi ya sitriki iliyomo katika vinywaji vingi hutengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus niger, ambaye mara nyingi hulishwa molasi, mabaki ya viwanda vya sukari.

“Taka ni za bure, basi kemikali zake zitakuwa rahisi.”
Dhana hii ndiyo inayowaumiza wengi. Mabaki ya chakula kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo unalipia kusafirisha maji. Mabua nayo yana selulosi, yaani minyororo ya sukari, iliyofungwa ndani ya lignini, kitu kinachoupa mmea ugumu. Lazima yapikwe na kutiwa vimeng’enya kwanza ndipo sukari ipatikane, na lignini yenyewe haichachuki.

Kisha kuna gharama za baada ya tangi. Butanoli, aina ya alkoholi, ikikaribia asilimia 2 huwadhuru bakteria wanaoitengeneza, kwa hiyo unabaki na maji mengi ya kuchemsha ili kupata kidogo. Kwa asidi ya laktiki, mbinu ya kawaida ni kutia chokaa ili uchachu usiwazuie bakteria, halafu asidi ya salfuriki ili kuitoa laktiki. Kila tani moja ya laktiki huacha takribani tani nzima ya jasi, unga wa madini ya kalsiamu, yaani taka nyingine. Ndiyo maana watafiti wamehangaika kupata hamira inayostahimili uchachu, kwani pasipo chokaa, jasi nayo haitokei.