TeX Live ya mwaka jana usiifute bado

Wanafunzi wanaoandika tasnifu kwa LaTeX (mfumo wa kupanga maandishi) hapa Iringa huniletea laptop zenye shida ileile: TeX Live, mkusanyiko wa programu na vifurushi vya LaTeX, imewekwa kwa apt (kisakinishi cha Ubuntu na Debian), na sasa tlmgr, kisimamizi cha vifurushi cha TeX Live yenyewe, inakataa kuongeza kifurushi. Mashine haijaharibika. Ubuntu 22.04 inakuja na TeX Live ya 2021, Debian 12 na ya 2022, na kusasisha ni kazi ya apt. Tlmgr imeachiwa folda ya mtumiaji tu. Kama vilivyomo vinakutosha, baki navyo.

Visipotosha, weka ile inayotoka TeX Users Group moja kwa moja. Kwa bei za bando, usiipakue upya kwa kila mashine. Shusha faili la ISO (faili moja lenye TeX Live nzima) mara moja penye mtandao mzuri, likague kwa sha512sum kujua kama limeshuka salama, kisha lizungushe kwa flashi. Flashi iwe exFAT, maana ISO za miaka hii zinazidi GB 4 na FAT32 hailipokei faili kubwa hivyo. Lifungue kwa `mount -o loop`, endesha `install-tl` kwa sudo (yaani kwa ruhusa kamili ya mashine). Menyu inakuruhusu kuacha nyaraka ili kuokoa nafasi, lakini nakusihi uzibakize: bando likiisha usiku, texdoc, amri ya kufungua nyaraka hizo, itakujibu.

Kila toleo lina folda ya mwaka wake, mfano `/usr/local/texlive/2024`. Tanguliza `bin/x86_64-linux` yake kwenye PATH, orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta amri. Ukiambiwa `sudo tlmgr` haipo, andika njia yake yote, kwa kuwa sudo ina PATH yake.

Toleo jipya likitoka, la zamani huacha kupokea masasisho, na tlmgr haivuki mwaka. Hapo wengi hukimbilia kufuta. Tafadhali, kama tasnifu iko kwa msimamizi, usifute! Kifurushi kikibadilika, mistari huhama, majedwali huruka ukurasa, na msimamizi anasoma namba za kurasa zisizolingana na nakala yake. Weka jipya pembeni, tasnifu imalizie kwenye mwaka wake. Kubadilisha ni kugusa PATH tu. Kiolezo cha chuo kiweke `/usr/local/texlive/texmf-local/tex/latex`, ambako miaka yote inakiona, kisha endesha `mktexlsr` ili kitambulike.

Baadaye ukisakinisha programu inayotegemea texlive, apt itataka kuvuta yake tena. Tengeneza kifurushi kitupu kwa equivs (zana ya kuunda vifurushi bandia vya apt) chenye majina inayoyadai, nayo itatulia.